Mabaki ya supanova na mionzi yake mikali: maswali tunayoulizwa ufukweni Raskazone

Ukurasa huu ni wa wale wanaokuja Raskazone, hapa Tanga, msimu wa kaskazi, mimi na wenzangu watatu tunapotoa darubini, na wa wale wanaouliza kwa simu kisha hawaji. Darubini yenyewe ni ya kioo cha inchi 6. Imekula chumvi, na mguu wake mmoja umefungwa kwa kamba ya mkonge. Nimefundisha fizikia sekondari miaka mingi, kwa hiyo kuulizwa jambo moja mara arobaini hakunisumbui. Lakini yapo maswali yasiyojibika ukiwa umesimama gizani na foleni ya watoto nyuma yako. Hayo ndiyo nimeyaleta hapa.

Supanova ni nini hasa?

Ni nyota kulipuka, na inaweza kulipuka kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya nyota nzito, kuanzia mara 8 hivi ya uzito wa jua. Nyota hiyo huunguza hidrojeni ikawa heli, heli ikawa kaboni, na hivyo hivyo mpaka kitovuni kukajaa chuma. Chuma ukikiunganisha hakitoi nishati, kinakula. Kitovu kilichokuwa kikibeba uzito wote wa juu yake kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, kinageuka nyota ya nyutroni au shimo jeusi, na tabaka za nje zinatupwa angani.

Ya pili ni ya nyota kibete nyeupe, yaani maiti ya nyota ya kawaida: ukubwa wa dunia, uzito unaokaribia wa jua. Ikinyonya gesi ya jirani yake mpaka ikakaribia mara 1.4 ya uzito wa jua, au ikigongana na kibete mwenzake, kaboni yake hushika moto kwa mpigo mmoja na nyota nzima husambaratika. Hakibaki kitu katikati. Hiyo 1.4 ilipigiwa hesabu melini, mwaka 1930, na kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisafiri kutoka India kwenda Uingereza kusoma, Subrahmanyan Chandrasekhar. Kila nikimweleza mwanafunzi anayelalamika hana mahali patulivu pa kujisomea, namtajia meli hiyo.

Na mabaki ni yale majivu yake?

Neno "mabaki" linawapotosha wengi. Mtu anafikiria jiko la mkaa asubuhi. Hebu fikiria badala yake gamba la gesi linalotanuka kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Linasukuma gesi hafifu iliyoko kati ya nyota na kuipasha moto mpaka mamilioni ya nyuzi. Linakwenda hivyo kwa maelfu ya miaka kabla halijapoa na kupotea. Nyota yenyewe huonekana kwa miezi. Mabaki yake hufanya kazi kwa muda mrefu kuliko historia yote ya watu iliyoandikwa.

Katika kundi letu la nyota, Njia Nyeupe, yanajulikana mabaki kama 300 ya namna hii.

Nikija Raskazone nitaona nini?

Nitasema ukweli ili usinung'unike: utaona doa.

Tunayoonyesha ni Nebula ya Kaa, wingu la gesi ambalo ni mabaki ya supanova. Mwezi wa Januari, kwenye saa 4 usiku, geukia kaskazini. Kilimia wazee wetu walikijua vizuri, ndicho kile cha "kikizama kwa jua huzuka kwa mvua". Kiko katika buruji ya Ng'ombe, na Kaa yuko katika buruji hiyo hiyo, karibu na ncha ya pembe mojawapo, juu kiasi cha nyuzi 63 kutoka upeo wa macho. Jina la Kaa lilitokana na mchoro wa Mwingereza mmoja, Lord Rosse, wa miaka ya 1840. Mimi nimekula kaa tangu utotoni na sijawahi kuona wamefanana.

Msimu uliopita kijana wa darasa la sita aliweka jicho, akakaa kimya, akatoa jicho, akafuta kioo kwa shati lake kabla sijamzuia, akaangalia tena. Akasema, "Mwalimu, pameingia ukungu." Nikamwambia ukungu huo ndio wenyewe. Akaangalia mara ya tatu, safari hii kwa pembeni ya jicho kama nilivyomfundisha, maana pembeni ndiko jicho linakoona vitu hafifu. Hapo akaona kwamba doa lina umbo la yai, na akagoma kumpisha mwenzake. Alama ya shati ilinichukua siku mbili kuisafisha.

Mwanga aliouona uliondoka huko miaka 6,500 iliyopita. Ila sehemu kubwa ya habari ya Kaa haimo katika mwanga huo. Imo katika eksirei na mionzi ya gama, ambayo hakuna darubini ya ufukweni itakayokuonyesha. Maswali mengi ya hapa chini yanatoka hapo.

Eksirei hizo ni hizi hizi za hospitali?

Ndiyo, ni kitu kimoja. Redio, joto la jiko, mwanga, eksirei na gama vyote ni ukoo mmoja. Kinachotofautiana ni nishati. Chembe moja ya mwanga wa kawaida ina elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) 2 au 3. Ya eksirei ina maelfu. Ya gama huanzia kwenye laki na kupanda, na wanaochunguza mabaki ya supanova hupokea gama za matrilioni ya elektronivolti.

Hospitalini mashine hupiga elektroni kwenye chuma, eksirei zikatoka. Kwenye mabaki ya supanova zinatoka kwa njia mbili. Gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi inang'aa eksirei, kama chuma cha mhunzi kinavyong'aa wekundu. Na elektroni zenye kasi kubwa mno, zikizungushwa na uga wa sumaku, zinamwaga eksirei njiani. Hii inaitwa mionzi ya sinkrotroni. Ukiweza kuzitenganisha hizo mbili, umejua mengi.

Tuna hatari? Mionzi hiyo haitufikii?

Eksirei na gama za angani humezwa na hewa kabla hazijagusa ardhi. Ndiyo sababu vyombo vyake hupelekwa juu kwa roketi.

Mzee mmoja alisema Waarabu waliwahi kuandika habari za nyota hizi. Kweli?

Kweli kabisa. Mwaka 1006 ilitokea nyota mpya upande wa kusini, angavu kuliko nyingine yoyote iliyowahi kuandikwa. Ali bin Ridhwan wa Misri, tabibu na mwanafalaki, aliiona akiwa kijana, na baadaye akaieleza katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Batlamiyus, mwanafalaki wa kale: ukubwa wake mara mbili na nusu hadi tatu ya Zuhura, na anga iking'aa kwa nuru yake. Maelezo yake, pamoja na ya Wachina na ya watawa wa Uswisi, ndiyo yaliyosaidia kujua mahali pake.

Ukipiga hesabu kwa latitudo ya Tanga, nyota hiyo ilipanda zaidi ya nyuzi 50 juu ya upeo wa kusini. Ilianza kuonekana mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, yaani masika, na masika ya huku mnayajua, pengine wiki nzima hawakuona hata mwezi. Lakini ilikaa miezi mingi, kwa hiyo mawingu yalipofunguka iliwasubiri.

Ya Kaa ilionekana tarehe 4 Julai 1054. Wachina waliandika kwamba ilionekana hata mchana kwa siku 23, na usiku kwa karibu miaka miwili. Julai buruji ya Ng'ombe huchomoza kabla ya alfajiri. Aliyeiona kwanza katika pwani hii, kama kuna wa kwanza, bila shaka alikuwa mvuvi aliyeamka kutoa ngalawa.

Mwaka 1572 ikaja ya Tycho Brahe, na mwaka 1604 ya Johannes Kepler, ambayo kwa hapa Tanga ilipita karibu na utosi. Tangu hiyo ya 1604 hakuna nyingine ya Njia Nyeupe iliyoonekana waziwazi kwa macho.

Ni kweli kuna setilaiti iliyoitwa Uhuru?

Hili swali nalipenda, nitalijibu kwa urefu.

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano, San Marco, lililosimama baharini upande wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka hapa Tanga ni kama kilomita 265 kwa mstari ulionyooka, bahari ile ile. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru. Marjorie Townsend, mama wa Kimarekani aliyekuwa meneja wa mradi, akaiita kwa Kiswahili kwa heshima ya ukarimu wa wenyeji. Kwa hiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza anga la eksirei ina jina ambalo bibi yangu angelielewa bila mkalimani. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti wake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa nini hapa? Ukirusha karibu na ikweta, dunia inakusaidia kwa mzunguko wake, kama mita 460 kwa sekunde za bure. Sababu ya pili ndiyo inayowahusu wanaotazama eksirei. Chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia hushuka karibu. Chembe hizo zikipiga kipokezi, kinahesabu vitu visivyo vya nyota. Ni kama kupima unga kwenye mizani huku mtu anaitikisa meza.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973 na kutupa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vingi ni nyota pacha zinazonyang'anyana gesi, na mabaki ya supanova kadhaa yamo. Mwaka 1972 jukwaa lile lile likarusha SAS-2, iliyopima mionzi ya gama na kuipata kutoka kwa Kaa na kutoka mabaki ya Vela.

Urushaji pale ulikoma mwaka 1988, ila antena za Malindi hazikulala. Setilaiti ya NuSTAR, iliyorushwa 2012, hushusha data zake Malindi. Hivyo hivyo Swift, na IXPE iliyorushwa Desemba 2021. Hii IXPE hupima eksirei zinatetemeka kuelekea upande gani, jambo linaloonyesha uga wa sumaku umelala vipi, na shabaha yake ya kwanza ya kisayansi ilikuwa mabaki ya Cassiopeia A. Habari za nyota iliyolipuka umbali wa miaka 11,000 ya nuru zilitua kwanza hapo jirani, zikavuka bahari kwenda Italia na Marekani, na zikaturudia kwenye simu zetu kama picha. Watu wengi wa pwani hawajui, na siwalaumu. Hata mimi nilikuwa nimeshafundisha miaka kadhaa ndipo nikajua.

Gamba la gesi linawezaje kutoa mionzi mikali hivyo?

Mbele ya gamba kuna wimbi la mshtuko, kama maji yanavyojikunja mbele ya boti iendayo mbio. Kazi yote hufanyika hapo.

Chukua mpira wa tenisi urushe ukutani. Unarudi na kasi ile ile au pungufu. Sasa urushe kwenye bodi ya fuso linalokuja upande wako (usijaribu). Utarudi na kasi zaidi, kwa sababu fuso limeuongezea ya kwake. Kama nyuma yako kuna ukuta unaourudisha tena kwenye fuso, kila raundi mpira unaongezeka kasi. Katika mabaki, mpira ni protoni au elektroni. Kuta ni uga wa sumaku uliovurugika, mbele ya wimbi na nyuma yake. Chembe inavuka wimbi, inarudishwa, inavuka tena, na kila mara inaongezewa kidogo. Inaweza kucheza mchezo huo miaka mamia. Nyingi hutoka mapema. Chache hukaa mpaka zikafikia kasi inayokaribia ya mwanga.

Enrico Fermi alitoa wazo la msingi mwaka 1949. Wazo likabaki na kasoro ya kwenda taratibu mno mpaka mwaka 1977 na 1978, wanafizikia kadhaa, kila mmoja kwa njia yake, walipoona kwamba wimbi la mshtuko ndilo fuso linalofaa.

Ushahidi wa elektroni ulipatikana mwaka 1995 katika mabaki ya ile nyota ya 1006, kwa setilaiti ya Kijapani ASCA. Katikati ya gamba eksirei zilikuwa za gesi ya moto, kama ilivyotarajiwa. Kingoni zilikuwa za sinkrotroni, maana yake elektroni za matrilioni mia ya elektronivolti zinazunguka hapo. Nyota aliyoisifu Ali bin Ridhwan kwa mwanga wake bado ilikuwa inazalisha.

Inazalisha nini? Inatuhusu?

Nyoosha kiganja chako. Takriban kila sekunde inapita chembe moja iitwayo muoni, imeingia juu ya mkono na kutokea chini, na husikii. Muoni huzaliwa juu angani pale chembe kali kutoka mbali, zinazoitwa miale ya kosmiki, zinapogonga hewa. Victor Hess wa Austria alizigundua tarehe 7 Agosti 1912 akiwa ndani ya puto, zaidi ya mita 5,000 juu: kadiri alivyopanda ndivyo mnururisho ulivyozidi, kinyume cha alivyotegemea yeyote aliyedhani unatoka ardhini.

Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky wakasema huenda zinatoka kwenye supanova. Hesabu inakubali: asilimia 10 hivi ya nguvu za mwendo wa milipuko inatosha kuijaza Njia Nyeupe yote kwa miale hiyo. Ila hesabu kukubali haitoshi. Miale ya kosmiki ina chaji, na uga wa sumaku wa Njia Nyeupe huipindapinda mpaka inafika kwetu bila kumbukumbu ya ilikotoka. Samaki akishafika mnadani Deep Sea amepita mikono mingapi? Humuulizi tena alivuliwa mwamba gani. Mionzi ya gama haina chaji, inakuja moja kwa moja. Wanaofuatilia gama wanafuatilia mwamba wenyewe.

Basi wameshathibitisha?

Nusu. Na hapa ndipo ubishi mtamu ulipo.

Miale ya kosmiki karibu yote ni protoni na viini vya atomu, elektroni ni chache. Lakini gama zinaweza kutoka kwa yeyote kati yao. Elektroni kali ikikigonga kipande cha mwanga wa kawaida, inakipandisha cheo kikawa gama. Protoni kali ikigonga gesi, inazaliwa chembe iitwayo pioni, inayovunjika papo hapo ikawa gama mbili. Ukiiona gama peke yake huwezi kujua mama yake.

Alama ya pioni iko chini, kwenye nishati ndogo: gama zake hupungua ghafla chini ya elektronivolti milioni 200 hivi, mahali ambapo za elektroni hazipungui namna hiyo. Setilaiti ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, ilikusanya data za miaka minne, na mwaka 2013 alama hiyo ikaonekana wazi katika mabaki mawili, IC 443 na W44. AGILE ya Italia ilikuwa imeshaigusia W44 mwaka 2011. Kwa hiyo protoni zinaharakishwa huko. Hilo halina mjadala tena.

Mjadala uliobaki ni wa kilele. Miale ya kosmiki ya Njia Nyeupe hufika angalau trilioni 3,000 za elektronivolti kabla idadi yake haijaporomoka. Mabaki hayo mawili ni ya wazee, hayafiki hapo. Yale machanga nayo, kama Cassiopeia A, gama zake zinakatika mapema mno. Mwaka 2021 kituo cha LHAASO cha Uchina, kilichojengwa mlimani zaidi ya mita 4,400, kilitangaza vyanzo 12 vyenye gama za zaidi ya trilioni 100, na kimoja kilichofika trilioni 1,400. Vichache tu ndivyo vinavyoweza kuhusishwa na mabaki ya supanova. Huenda mabaki hufika kilele katika miaka michache ya mwanzo kisha yakashuka. Huenda kazi ya juu kabisa hufanywa na makundi ya nyota changa. Mimi nipo upande wa mabaki, kwa sababu za mapenzi zaidi kuliko za ushahidi.

Na Kaa yeye?

Kaa ni mtoto wa peke yake. Wengine wanaishi kwa urithi wa mlipuko. Yeye ana injini ndani. Katikati yake kuna nyota ya nyutroni, upana wa kama kilomita 20, inayozunguka mara 30 kwa sekunde kama pia. Kila mwaka inapungua kasi kidogo, na nguvu inayoipoteza ndiyo inayoliwasha wingu zima. LHAASO imepokea kutoka kwake gama ya trilioni 1,100 za elektronivolti. Ili elektroni itoe gama ya namna hiyo inabidi iwe na nishati zaidi ya mara 100 ya protoni zinazozungushwa kwenye mtambo wa CERN wenye mzingo wa kilomita 27.

Kwa miaka mingi wataalamu walipimia vyombo vyao kwa Kaa, wakiamini habadiliki. Septemba 2010 Fermi na AGILE zikamwona amewaka gama ghafla kwa siku chache. Mizani ikawa imejitingisha yenyewe.

Afrika ina chombo cha kuona hayo?

Kinacho, na ni cha hali ya juu. Namibia, kwenye nyanda za Khomas, mita 1,800 juu, kuna darubini za H.E.S.S., jina la kumkumbuka yule Victor Hess. Nne zina upana wa mita 12, na ya tano, iliyoongezwa mwaka 2012, mita 28.

Hazitazami nyota zenyewe. Gama kali ikigonga hewa huzaa mvua ya chembe, na chembe hizo hupita hewani haraka kuliko mwanga unavyopita hewani, zikaacha mmweko wa buluu unaodumu sehemu chache tu za bilioni za sekunde moja. Darubini hukamata mmweko huo, na kwa kuwa ziko kadhaa, hupima ulikotoka. Hewa iliyotukinga ndiyo imekuwa kipokezi.

Mwaka 2004 walitoa picha ya kwanza ya gamba la supanova kwa gama kali, RX J1713.7-3946. Ni kubwa angani kuliko mwezi mpevu, karibu mara mbili kwa upana, na hakuna anayeiona. Inapita juu ya Tanga kila usiku wa Julai, kusini ya utosi. Mwaka 2018 wakatoa ramani ya Njia Nyeupe yenye vyanzo 78.

Mwanga wa mwezi huwatatiza, kama sisi. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili: mwezi giza ndio usiku wa kazi. Kwa bahati mbaya usiku wetu na wao ni mmoja, na taa zao zikijipanga baharini, upeo wa mashariki unakuwa kama mji. Siwezi kuwaomba wazime.

Kuna chochote cha supanova cha kuona bila darubini?

Kipo mahali pake. Nenda Ushongo au kokote kusini ya Pangani kusiko na taa, Januari au Februari, tazama kusini. Utaona kipande cha wingu kisichosogea na upepo, nyuzi 26 hivi juu. Ni Wingu Kubwa la Magellan, kundi jingine la nyota, miaka zaidi ya 160,000 ya nuru. Tarehe 23 Februari 1987 nyota ilionekana kulipuka humo, na aliyekuwa huku angeweza kuiona kwa macho. Watu wa Ulaya hawakuiona, dunia imewazibia. Saa kama tatu kabla ya mwanga, vipokezi vya chini ya ardhi vya Japani, Marekani na Urusi vilikamata nyutrino, chembe zinazopenya karibu kila kitu bila kugusa, kama 25 kwa jumla. Ni hizo tu, na vitabu vizima vimeandikwa juu yake.

Betelgeuse italipuka lini?

Ni ile nyekundu ya Orioni. Ilipofifia mwisho wa 2019 simu yangu haikupumzika. Lilikuwa vumbi. Italipuka ndani ya miaka 100,000 hivi, na kwa umbali wake wa mamia ya miaka ya nuru haitatudhuru.

Iliwahi kutokea supanova ya karibu ikatugusa?

Chini ya Pasifiki, kwenye miamba inayokua milimita chache kwa miaka milioni, imepatikana chuma ya aina ya 60, isiyodumu na isiyotengenezwa hapa duniani kwa kiasi hicho. Umri wake ni miaka milioni 2 hadi 3. Kuna nyota ililipuka jirani kiasi cha kututupia vumbi lake, na maisha yakaendelea.

Dhahabu ya Geita ilitoka huko?

Chuma cha panga lako na kalsiamu ya meno yako, ndiyo. Dhahabu inahesabiwa zaidi kwa nyota za nyutroni zinazogongana, tangu tukio lililoonekana tarehe 17 Agosti 2017.

Binti yangu anataka kusomea mambo haya. Aanzie wapi?

Bi mkubwa aliyeuliza hivi alimleta binti mwenyewe, yuko kidato cha tatu, akanipa shikamoo na kukaa nyuma ya mama yake. Jibu langu ni hisabati, fizikia, na kompyuta, kwa mpango huo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina fizikia. Kazi halisi ya fani hii hufanyika kwenye kompyuta: data za Fermi ziko wazi kwa yeyote, bure, na za Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, hufunguliwa baada ya muda, kwa kawaida mwaka mmoja au chini ya hapo. Programu za kuzichambua ni bure pia. Kinachokosekana ni bando la intaneti na mtu wa kukaa naye jioni mbili tatu za mwanzo, ambapo kila kitu kinagoma.

Binti hakusema neno mpaka wanaondoka. Ndipo akauliza kama antena za Malindi zinaonekana kutoka barabarani.

Mnakuwepo siku gani?

Jumamosi zilizo karibu na mwezi giza, Januari hadi Machi, kuanzia saa 2 usiku. Njooni na kitu cha kujifunika, kaskazi ya usiku ina baridi yake. Taa za simu zimeni kabla hamjafika kwenye mkungu. Na tafadhali, kioo hakifutwi kwa shati.